Sura ya Saba: Ufagio Ndani ya Upupu

Mvua ya Oktoba kule Kivilampi, kijiji cha mpakani, haina haraka. Hunyesha kama kibarua anayelipwa kwa siku. Inspekta Kerttu Mononen aliiacha imloweshe huku amesimama kando ya barabara, akiyatazama mawe ya kuzuia vifaru vya vita yaliyojipanga kondeni kama meno, kila moja limeota ndevu za kuvumwani. Wazee wa pale husema mawe hayo yalivutwa na farasi. Farasi mmoja aliyeitwa Poju alilifikisha la kwake mahali pake, akageuka kuutazama mpaka, akaona hakuna adui yeyote anayekuja, akafa kwa hasira. Ukiwabishia watakuonyesha na kaburi lake, ingawa kila mzee ana la kwake la kuonyesha. Lisilo na ubishi ni kwamba vita viliisha kabla hata risasi moja haijafika pale. Mawe yapo mpaka leo, yanamsubiri adui yuleyule, na watalii wanayapiga picha.

"Afande, ukimaliza kukagua gwaride la mawe, maiti yetu iko kule juu," akasema Sajini Pentti Loukola, aliyejibanza chini ya paa la kibanda cha tiketi.

"Maiti yetu iko hospitali, Loukola."

"Basi mahali pa maiti. Wewe unapenda usahihi, mimi napenda pakavu."

Mambo yaliyojulikana hadi asubuhi ile hayakuwa mengi. Onni Pukkila, mzee wa miaka sabini na moja, alikutwa Jumamosi jioni amekufa ndani ya handaki la tano la makumbusho ya vita. Mlango wa chuma ulikuwa umepigwa komeo kwa nje. Daktari alisema ni baridi, ikasaidiwa na moyo uliochoka. Hakuwa na jeraha lolote, ila ngozi ya vifundo vya vidole vyake ilikuwa imechubuka hadi nyama.

Aliyepiga komeo alijulikana pia. Ni Reijo Hyyryläinen, mtunza makumbusho, na alijitaja mwenyewe kabla ya kuulizwa. Alhamisi alasiri, alisema, alifunga mahandaki yote kwa ajili ya majira ya baridi kama afanyavyo kila mwaka, na kabla ya kufunga alichungulia ndani, asione mtu. Mwendesha mashtaka wa mjini alikwisha kumpigia Mononen simu kuhusu jambo hilo. Kama Reijo alimwona mzee kisha akafunga, hayo ni mauaji. Kama hakuchungulia, ni uzembe uliosababisha kifo. Kwa vyovyote mtu huyo anakwenda gerezani, na swali lililobaki ni kwa muda gani. Alitaka jibu siku hiyohiyo.

Tena kulikuwa na ule ugomvi. Kivilampi nzima ilijua kwamba Reijo na Onni hawakusemezana tangu kiangazi.

Reijo aliwapokea mlangoni mwa handaki akiwa na fungu la funguo. Alikuwa mtu mpana, mwenye mikono mirefu na maneno mafupi. Watani wake husema siku ya harusi yake kasisi alimuuliza kama anakubali, na jibu likafika wakati wageni wamekwisha kula. Leo hata hilo lisingetoka. Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepuliza moto wa kuni mbichi.

"Habari yako, kaka Reijo," akasema Loukola.

"Ingieni. Angalieni vichwa."

Waliinama wakapita. Ndani mlinuka chuma na unyevu. Taa ya mkononi ya Reijo iliangaza jiko la chuma, mabuti yaliyopangwa, bunduki kubwa iliyoelekezwa kwenye tundu la ukutani, na chumba cha kulala chenye vitanda vya mbao vilivyopandana. Kwenye kitanda cha chini aliketi sanamu la askari, masharubu yake yamebanduka upande mmoja.

"Huyu tumemhoji?" Loukola akauliza. "Alikuwapo usiku kucha."

"Usiku mbili," akasema Reijo.

Hapo Loukola akaitazama kofia yake mwenyewe kana kwamba ameiona kwa mara ya kwanza, wala hakutania tena ndani ya handaki lile.

Onni alikutwa mwisho wa chumba. Ukuta wa pale, kwa urefu wa bega, ulikuwa na alama ya kiganja kilichobonyezwa zege likiwa bado bichi. Kilikuwa kiganja kikubwa, na kidole cha shahada kilikuwa kifupi kuliko desturi. Chini yake polisi walikuwa wameacha vitu kama vilivyokutwa: mshumaa uliokwisha, chupa ya kahawa, vikombe viwili vya bati, karatasi yenye makombo ya mkate wa iliki, na kifaa kidogo cha kusikia kilichofungwa vizuri ndani ya leso.

"Mkono wa nani?" Mononen akauliza, ingawa alikwisha kusoma kwenye jalada.

"Vilho Pukkila. Baba yake Onni. Alijenga hapa, tena ndiye aliyekuwa fundi wa zege. Baadaye, vita vilipokuwa vinakwisha, akatoroka jeshi akajificha." Reijo aliihamishia taa mkono wa pili. "Onni alitaka jina la baba yake liandikwe kwenye kibao cha wajenzi pale nje. Kamati ikasema mtoro haandikwi. Mimi ndiye niliyetumwa kumpa jibu."

"Akasema nini?"

"Akaniita mbwa wa mlangoni. Nami nikamwita mtoto wa mtoro. Dukani, mbele ya watu."

"Mlipatana?"

"Nilikuwa naenda kupatana naye," Reijo akasema. "Nilikuwa naenda."

Mononen alichuchumaa. Alivitazama vikombe bila kuvigusa. "Kahawa ya watu wawili. Nani alikunywa na mzee?"

"Mimi," akasema Reijo haraka.

"Lini?"

"Alhamisi. Mchana."

"Kisha alasiri ukachungulia humuhumu, usione mtu."

"Ndiyo."

"Wala vikombe hukuviona? Wala mshumaa? Mtu akisimama hapo mlangoni pa chumba na taa kama hiyo yako, anauona mpaka uchafu wa kucha za lile sanamu."

Reijo aliishusha taa, mwanga ukaangukia sakafuni.

"Sikiliza. Mtu anayedanganya ili ajiokoe, huwa nampa heshima yake, maana amefanya kazi," Mononen akasema. "Wewe kila uongo wako unakusogeza karibu na gereza. Sijakutana na mwongo wa namna hiyo. Umeoa, Reijo?"

"Mke wangu alifariki."

"Pole. Kwa hiyo huyu unayemficha si mke."

Aliinuka bila kusubiri jibu, akaanza kuisoma sakafu. Pote palikuwa na mchanga ulioletwa na viatu vya wageni wa kiangazi. Chini ya kiganja tu, mahali pa kutandika mkeka mmoja, zege lilikuwa safi. Palifagiwa. Ukingoni mwa usafi huo palikuwa na mistari myembamba, mingi, iliyopindana kama nywele.

"Ufagio wako uko wapi?"

Reijo alikwenda akaurudisha kutoka chumba cha jiko. Ulikuwa ufagio wa dukani, mpana, wa nyuzi ngumu za plastiki. Mononen aliuburuta mara moja kwenye mchanga. Uliacha mistari minene, iliyonyooka.

"Loukola. Nje. Tafuta ufagio mwingine."

"Mvua hii, Afande?"

"Na upupu pia. Vaa glavu."

Loukola aliuona baada ya kulaani mimea mingi kwa majina ya ndugu zake. Ulikuwa umetupwa katikati ya upupu, chini ya tundu la bunduki. Ulikuwa ufagio wa kutengenezwa nyumbani, wa vijiti vya mti wa mbetula, umefungwa shingoni kwa uzi mwekundu wa sufu. Mononen alimzuia asiuinue. Alimwonyesha kwanza majani. Upepo wa Ijumaa uliivua mibetula yote ya pale nguo zake, na majani ya manjano yalitanda kila mahali. Chini ya ufagio yalikuwapo. Juu yake halikuwapo hata moja.

"Umetupwa baada ya Ijumaa," akasema Loukola taratibu.

"Na tangu Ijumaa nani ameingia hapa?"

"Sisi polisi. Na huyu."

Walimgeukia Reijo. Alikuwa amekwisha kukaa kwenye jiwe, mvua inampiga kichwani, wala hajali.

"Jumamosi mlipomkuta Onni ndipo ulipoutupa," akasema Mononen. "Kabla ya hapo ulikuwa wapi? Mimi nadhani Alhamisi ulikuwa umeegemezwa mlangoni, kwa nje."

Loukola aliutazama ufagio. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Loo, Reijo."

Kwa maana Loukola ni mtoto wa kulekule. Vijijini huko watu hawakuzoea kufunga nyumba kwa funguo. Mtu akitoka huegemeza ufagio mlangoni, basi, anayekuja anajua wenyewe hawapo. Hapigi hodi, hachungulii dirishani. Anageuza njia na kurudi alikotoka.

"Nilikuta mlango umerudishwa na ufagio umesimama," akasema Reijo. "Nikaona, hakuna mtu. Wala sikuwaza. Mkono wangu uliusogeza pembeni, nikapiga komeo, nikaenda la sita. Miaka yangu yote hapa nimechungulia kila handaki. Siku hiyo sikuchungulia. Ufagio ulikuwapo, ningechunguliaje?"

"Mbona hukusema hivyo tangu mwanzo?"

"Nikisema ufagio, mtauliza ni wa nani."

"Ni wa nani?"

Reijo aligeuza uso, akalitazama handaki.

"Uzi mwekundu," akasema Loukola. "Kivilampi nzima ni mtu mmoja tu anayefunga fagio zake kwa uzi mwekundu. Mama yangu ananunua kwake."

"Ana jicho moja tu linaloona sasa," Reijo akasema, na sasa alikuwa anamwomba Mononen kama mtu anavyoomba maji. "Walikuwa wawili tu duniani, yeye na Onni. Amemzika mama, amemzika baba, wiki hii anamzika mdogo wake. Mnataka nimtwishe na hili? Andika kwamba sikuchungulia. Ni kweli, sikuchungulia. Mimi nina mabega."

"Mwendesha mashtaka ataandika uzembe. Na kwa ule ugomvi wa dukani anaweza kuandika zaidi."

"Aandike."

Mononen aliutia ufagio ndani ya mfuko wa vielelezo. Ulikuwa mrefu, mpini ukachomoza. "Nenda nyumbani," akamwambia Reijo. "Usitoke kijijini."

Ndani ya gari Loukola hakuwasha injini mara moja. "Tukimwacha huyu, anafungwa. Tukimwokoa, tunamuua bibi."

"Hatujamhoji bibi. Jumamosi nani aliongea naye?"

"Yule kijana wa zamu. Kwa simu. Alimuuliza mzee alivaa nini."

"Basi?"

"Basi. Bibi akasema koti la kijivu. Akasema pia watazame kwenye mahandaki."

Helvi Pukkila, dada mkubwa wa Onni, aliwafungulia mlango mwenyewe. Alikuwa mwembamba, mrefu, na jicho la kushoto lilifunikwa kwa bandeji nyeupe. Hakuwauliza wanataka nini. Aliweka kahawa, akaweka mkate wa iliki uliobaki, akawaonyesha viti. Kiti cha nne, chenye fulana ya mwanamume mgongoni, hakuna aliyekikaribia.

"Kula, Pentti," akamwambia sajini. "Umekonda."

"Sijakonda, bibi. Ni sare imepanuka."

Midomo yake ilitaka kucheka, ikaacha.

Mononen alisubiri hadi alipoketi. "Bibi Helvi, Alhamisi ulikwenda mjini kufanyiwa jicho."

"Basi la mchana. Nikarudi Jumamosi. Nyumba imepoa, paka analia."

"Kabla ya basi ulikuwa wapi?"

"Na Onni. Siku ile huwa ni ya baba, siku aliyozaliwa. Kila mwaka tunakwenda. Nafagia pale chini ya mkono wake kama mtu anavyofagia kaburi, maana kaburini kwake watu wa kanisa wanafagia wenyewe. Tunakunywa kahawa. Onni anatoa kile kidude chake sikioni, anasema baba alikuwa mtu wa kimya, basi na kimya kiwepo. Mara hii basi lilikuwa linakuja, nikamwacha. Alitaka kukaa."

"Ulikwenda na ufagio wako."

"Zile za Reijo zinakuna, hazifagii." Aligeuza kikombe chake. "Nikarudisha mlango, upepo usimpige. Na watalii wa mwishomwisho hawana adabu, wanaingia na makamera. Nikaegemeza ufagio mlangoni ili mtu asije akams..."



Mononen alikuwa amekaa na mamia ya watu wakati wanapotambua jambo. Wengine huanguka, wengine hutukana. Helvi alikiweka kikombe kwenye kisahani chake taratibu sana, bila mlio, kana kwamba mtu analala chumba cha pili.

Loukola alitazama mikono yake.

"Mama ndiye aliyetufundisha," Helvi akasema hatimaye, akilitazama dirisha. "Baba alikuwa chini ya sakafu hapa, chini ya miguu yako, Pentti. Sisi watoto na mama tuko ndani, tumekaa gizani. Ufagio uko nje. Mimi ndiye niliyetumwa kuuweka, kisha nikapenya kwa dirisha la zizini. Wakaja askari wa kukamata watoro. Walikuwa watu wa huku. Wakaona ufagio, mmoja akasema hawapo, wakaondoka. Baba akaishi. Akafa mzee, kitandani mwake." Akapumua. "Tangu siku hiyo nikaujua ufagio kuwa ni kitu kinacholinda."

"Bibi Helvi."

"Aligonga?"

Mononen alichelewa. "Alikutwa amekaa chini ya mkono wa baba yake. Alikuwa amekunja koti..."

"Sikukuuliza hilo, binti yangu."

"Aligonga," akasema Mononen.

Helvi alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea mzigo na kuupima. Chozi lilitoka kwenye jicho zima tu. Lile jingine, chini ya bandeji, halikuonekana linafanya nini.

"Na Reijo? Aliujua ufagio wangu?"

"Aliujua Jumamosi alipouona tena. Akautupa kwenye upupu. Ametuambia alichungulia, kisha akatuambia ndiye aliyekunywa kahawa. Anataka kufungwa usije ukajua."

"Reijo hajui kudanganya. Hata alipokuwa mtoto, akiiba matufaha alikuja kuuliza kama yameonekana." Aliinuka akishika meza. "Andika niliyoyasema. Yote, na ufagio, na dirisha la zizini ukitaka. Nipe niweke sahihi."

"Mwendesha mashtaka ni mtu wa ghorofani," Mononen akasema. "Hajui ufagio mlangoni ni nini. Itabidi nimweleze vizuri."

"Mweleze. Mwambie aliyefunga alifanya kama mtu yeyote wa hapa angefanya. Wewe, Pentti, ungechungulia?"

Loukola alitikisa kichwa. "Hapana, bibi."

"Andika na hilo."

Mononen aliandika kwa mkono, akamsomea, Helvi akaweka sahihi huku pua yake inakaribia kugusa karatasi. Kisha akachukua koti lake ukutani, akafunga kitambaa kichwani juu ya bandeji.

"Nipelekeni kwake."

"Bibi, pumzika kwanza."

"Nitapumzika nini?"

Nyumba ya Reijo ilikuwa nyuma ya ziwa, peke yake, imezungukwa na misonobari. Loukola alisimamisha gari getini. Mvua ilikuwa imepungua na kuwa ukungu. Mlangoni, katikati kabisa, ulikuwa umeegemezwa ufagio mpana wa nyuzi za plastiki.

"Hayupo," akasema Loukola, na mkono wake ukaanza kurudisha gari nyuma. Kisha akaganda.

Mononen alitazama paa. Hakukuwa na moshi. Gari la Reijo lilikuwa kando ya zizi, na majani yaliyolowa yamelifunika kioo. Alifungua mlango wa gari kwa kasi, lakini Helvi alikuwa ametangulia. Alitembea akipapasa hewa kwa mkono mmoja, anakanyaga madimbwi bila kuyaona, mama mzee wa jicho moja, wala hakugeuka alipoitwa.

Alifika mlangoni. Aliushika ufagio, akausimamisha pembeni ukutani. Hakupiga hodi. Alisukuma mlango, na kwa upenyo Mononen aliyekuwa anakimbia nyuma yake aliona chumba cha giza, na kwenye kiti kando ya jiko lililopoa, mtu mpana ameinama, mikono mirefu imening'inia katikati ya magoti. Mtu huyo aliinua kichwa.

"Uliingiaje?" Reijo akauliza. "Nimeweka ufagio."

"Nimeuona," akasema Helvi. Alivuta kiti kingine, akakisogeza hadi magoti yao yakakaribiana, akaketi bila kuvua koti. "Washa jiko, Reijo. Nasikia baridi."